Kazi Namba 47

Nyumbani kwa dada yangu printa imechomekwa kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni inayotumia Linux, na sisi wengine tunaitumia kupitia mtandao wa nyumba. Jumamosi moja ikagoma. Mpwa wangu alikuwa na kazi ya shule ya kuchapa. “Hebu itazame hiyo mashine yako,” dada akaniambia. Yangu tangu lini? Lakini ndivyo inavyokuwa: anayejua kutengeneza kitu cha wote huishia kuitwa mwenyewe, na akizoea, naye huanza kuamini.

Tatizo lilikuwa dogo. CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux, ikishindwa kuifikia printa huweza kuisimamisha foleni nzima mpaka mtu aifungue kwa mkono. Usiku uliopita printa ilikuwa imezimwa, mtu akatuma kazi, foleni ikasimama. Ilikuwa kazi namba 47. Nyuma yake zilipangana za mtoto, aliyebofya na kubofya bila kupata kitu.

Kwenye ukurasa wa CUPS jina la kazi hiyo lilikuwa limefichwa. Huo ni mpangilio wake wa kawaida: jina la kazi na la aliyeituma huonyeshwa mwenye kazi na msimamizi tu. Msimamizi ni mimi. Nikaandika nenosiri.

Sasa, kuifuta kazi kunahitaji namba, na namba nilikuwa nayo. Kuifungua foleni ni amri moja, cupsenable. Nilijiambia bado natafuta tatizo, kumbe nilishalipata zamani. Nilitaka tu kujua.

Faili liliitwa “barua ya kuacha kazi”. Mtumaji: dada.

Mimi ni mwandishi wa habari. Nalipwa kuuliza yasiyonihusu, na kisingizio chetu huwa maslahi ya umma. Pale sebuleni umma ulikuwa mtoto mmoja na daftari lake. Tena barua yenyewe ilikuwa kwenye diski ileile, amri moja mbele yangu. Mkono uliwasha, siwezi kukataa.

Watu wa programu huria tuna kisa tunachokipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya Richard Stallman pale MIT ilikuwa na printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Kwa printa ya awali alikuwa ameirekebisha programu iwape taarifa wanaosubiri. Kwa hii alihitaji msimbo wake, na mtu wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao akamnyima kwa kuwa alishaahidi kutoutoa. Stallman aliuona huo usaliti, na hasira ile ni mojawapo ya mizizi ya mradi wa GNU alioutangaza mwaka 1983. Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi, siku zote nikiwa upande wa Stallman, na bado nipo: mashine ya nyumbani kwangu lazima niweze kuifungua. Ila jioni ile nilijikuta namfikiria yule aliyekataa. Ahadi yake ilikuwa ya kibiashara tu, sawa, lakini aliitunza. Mimi sikuwahi kumwahidi dada chochote, na nadhani nilikuwa nimeichukua hiyo kama ruhusa.

Ningeifungua foleni, barua ingetoka ya kwanza, mbele ya macho ya mtoto. Ningeifuta kimyakimya, dada angeitafuta. Nikamfuata jikoni.

“Dada, kuna kazi yako ya jana imekwama. Niifute, au itoke?”

Akaacha kukatakata vitunguu. “Umeisoma?”

Ningeweza kujibu hapana, na ingekuwa kweli.

“Nimeona jina lake. Lilikuwa limefichwa, nikalifungua.”

Alinyamaza mpaka nikasikia sufuria ikichemka. “Ifute,” akasema. “Na mtoto asijue.”

Nikaifuta, nikafungua foleni. Kazi ya shule ikatoka mara nne, kwa sababu ya kule kubofya. Jumatatu dada alitoka mapema kwenda kazini kama kawaida. Mpaka leo sijamuuliza.