Je, Rangi Yangu Ndiyo Kura Yangu?



Tarehe 6 Novemba 2008 Wakenya walipewa siku ya mapumziko kwa sababu ya uchaguzi wa nchi nyingine. Marekani ilikuwa imemchagua Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya. Afrika Mashariki nzima watu walishangilia, wengi bila kujua sera zake hata moja. "Ni wetu," basi, imetosha. Hivi, ile furaha ilikuwa na kosa? Na Mmarekani mweusi aliyempigia kura kwa sababu ni mweusi mwenzake, je, alikosea?

Tusikimbilie kuhukumu. Kabla ya sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, watu weusi wengi kusini mwa Marekani walizuiwa kupiga kura. Walipewa mitihani iliyowekwa ili washindwe, walitishwa, walipigwa. Kwa bibi aliyekulia Alabama enzi zile, kumwona mtu mweusi akiapishwa kuwa Rais haukuwa ushabiki tu. Ilikuwa kama kuambiwa hadharani: na wewe ni mtu. Anayemwambia bibi huyo "mimi sioni rangi" mara nyingi haoni na kidonda chake.

Lakini jamani, hapo pana mtego. Rangi yako ni historia unayoisimulia mwenyewe. Hatari inaanza pale mwingine anapoigeuza kuwa amri. Mei 2020 Joe Biden, akihojiwa redioni, alisema kwamba mtu mweusi anayeshindwa kuamua kati yake na Donald Trump, basi huyo si mweusi. Siku hiyohiyo alijutia kauli yake. Julai 2024 ikawa zamu ya Trump. Akiwa Chicago mbele ya waandishi wa habari weusi, alidai kuwa Kamala Harris alijitangaza kuwa Mhindi tu, kisha ghafla akageuka mweusi. Mama yake Harris alitoka India, baba yake Jamaika, na yeye mwenyewe alisoma Howard, chuo kikuu chenye historia ndefu ya watu weusi. Hakugeuka chochote.

Maneno hayo mawili hayalingani uzito. Mmoja alichukulia kura za watu kama mali yake, mwingine alitaka mpinzani wake aonekane mdanganyifu. Lakini mzizi ni mmoja: mwanasiasa anajipa kazi ya kugawa vitambulisho. Wewe ni mweusi, wewe siyo. Anakuhesabu kabla hujafungua mdomo. Nasi tunaamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mmoja mmoja, si kwa mafungu.

Wakatoliki wa Marekani wanalijua jambo hili. Mwaka 1928 Al Smith aligombea urais akashindwa, na imani yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomponza. Mwaka 1960 John F. Kennedy alilazimika kwenda Houston kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba yeye si mgombea wa Kanisa. Ni mgombea wa chama chake, ambaye pia ni Mkatoliki.

Aliyenigusa zaidi ni Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Mwaka 1972 aliwania uteuzi wa chama cha Democratic ili agombee urais. Alisema wazi kuwa anajivunia kuwa mweusi na kuwa mwanamke, ila hagombei kwa ajili ya weusi peke yao wala wanawake peke yao. Katika kinyang'anyiro hicho alikuwemo George Wallace, gavana wa Alabama, yuleyule ambaye mwaka 1963 alisimama mlangoni mwa chuo kikuu kuwazuia wanafunzi weusi. Mwezi Mei Wallace akapigwa risasi, akapooza. Chisholm akaenda hospitalini kumjulia hali! Watu wake walimkasirikia vibaya sana. Baadaye, kama Chisholm mwenyewe alivyosimulia, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa kusini ili wafanyakazi wa majumbani walindwe na kima cha chini cha mshahara.

Chisholm hakusema kuwa ubaguzi ni kitu kidogo. Hakuacha kuwa mweusi alipoingia wodini. Alikataa tu rangi yake imchagulie nani amhurumie.

Basi, kumfurahia "wa kwetu" si dhambi. Kosa linaanza pale unapoacha kumpima. Jiulize: hili ninalomsamehe mgombea wa kwetu, angelifanya wa upande wa pili ningelisamehe? Na huyu ninayemchukia, akilazwa leo, ningeweza kwenda kumwona? Ukijibu "hapana" mara zote mbili, ujue kundi lako limekwisha kukupigia kura, wewe bado uko kwenye foleni.

Bwana atujalie macho ya kumwona mtu, pamoja na rangi yake na kidonda chake. Amina.