Mungu Akipenda, na Barabara ya Mtae

Je, mtu anayepanga kila jambo mapema anamwamini Mungu, au anajiamini mwenyewe? Swali hili lilitujia sisi wachungaji watatu kwa njia ambayo hatukuitegemea: barua ya wageni wanaotaka kuja kuendesha baiskeli.

Rafiki zetu sita wa usharika rafiki nchini Ujerumani hupenda kuendesha baiskeli za milimani. Likizo hii wameamua kuja Usambara, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Wakatuletea mpango wa kurasa nane. Siku ya kwanza watapanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30. Baadaye wataelekea Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima, ambako mtu hutazama chini akaona tambarare za Mkomazi. Waliandika maji ya kila mtu, tyubu za akiba, cheni, pedi za breki, bima, na hata nani atakaa na mgonjwa iwapo mmoja wao ataumia.

Tulicheka kidogo. Mmoja wetu akasema, "Hawa wamepanga mpaka kuanguka!" Wao walituuliza jambo moja tu: je, barabara ya udongo ya kwenda Mtae inapitika mwishoni mwa Aprili? Tukawajibu, "Njooni tu, Mungu atafungua njia."

Mama mmoja wa kundi hilo, mwenye umri uliopita miaka 60, akaandika tena kwa upole: "Asanteni, wachungaji. Nasi tunaamini hivyo. Lakini je, inapitika?"

Tuliona aibu, kwa maana hakuna kati yetu aliyejua. Jibu letu halikuwa neno la imani. Tulikuwa tumetumia jina la Mungu kufunika uvivu wa kupiga simu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Miaka iliyopita tulisafirisha kwaya ya vijana kwa lori. Tuliomba kwa muda mrefu kabla hawajaondoka. Hakuna aliyemwuliza dereva habari za breki. Vijana wawili walivunjika miguu, na mmoja wao anachechemea hadi leo. Tulisema ni mapenzi ya Mungu. Mama yake hakujibu kitu. Leo tunakiri kwamba siku ile tulimsingizia Mungu.

Katika sura ya nne ya waraka wake, Yakobo hawakemei wafanyabiashara kwa sababu wamepanga safari. Anawakemea kwa kuwa wanajisifu kana kwamba kesho ni mali yao. Anawataka waiweke mipango yao chini ya mapenzi ya Bwana, hawaambii waitupe. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza habari za Mungu Muumba, anaihesabu akili miongoni mwa zawadi tulizopewa. Kukataa kuitumia zawadi, kisha kumwomba Mtoaji atuokoe na matokeo yake, ni kumjaribu.

Hata hivyo, mpango wa rafiki zetu nao ulikuwa na kasoro. Tulipousoma mara ya pili, tuliona vilima, mito na zahanati, lakini hatukumwona mwenyeji hata mmoja. Njia walizozichora kwenye ramani ni njia za akina mama waendao shambani na watoto waendao shuleni. Haifai kuteremka hapo kwa kasi asubuhi kana kwamba ni uwanja wa michezo. Wala hupiti mbele ya mzee bila kusimama na kumwamkia. Ratiba yao haikuwa na nafasi ya salamu, wala ya kukaribishwa chai. Anayepanga hadi dakika ya mwisho husahau kwamba huko aendako atakuwa mgeni, na mgeni huishi kwa wema asioweza kuupangia saa.

Basi tukampigia simu mwinjilisti mmoja wa upande ule. Akacheka: "Wachungaji, masika hata magari hukwama. Waje mwezi wa saba, ila wabebe makoti." Tukawaandikia hayo, tukaongeza: salimieni watu njiani, na siku moja muiache wazi kabisa. Yule mama akajibu kwamba siku hiyo ya wazi itamshinda kuliko kupanda mlima. Tulimwelewa, maana sisi ilitushinda simu moja.

Tunapoandika haya, bado hawajafika. Tumekwisha kukagua vyumba, tumezungumza na zahanati, na breki za gari litakalobeba mizigo yao tumekwenda kwa fundi kuziona kwa macho yetu. Sasa tunasema, Mungu akipenda watafika salama, na tunasema kwa hofu kidogo, kwa sababu tumefanya sehemu yetu na tunaona jinsi ilivyo ndogo.

Wapendwa, kabla hatujalitamka tena neno hilo, tujiulize: je, kuna simu ambayo hatujaipiga?