Tarakimu za nani?

Mwaka 2019 huko Marekani kampuni moja inayopima maoni ya watu, jina lake CivicScience, iliwauliza watu zaidi ya 3,000 swali hili: Je, shule za Marekani ziwafundishe watoto tarakimu za Kiarabu? Katika kila watu 100, watu 56 walijibu hapana. Watu 29 walikubali. Wale 15 waliobaki hawakusema ndiyo wala hapana.

Sasa tazama kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani kwako. Alama zile 0, 1, 2, 3 mpaka 9, jina lake katika vitabu vya shule ndilo hilo: tarakimu za Kiarabu. Basi wale 56 walikataa watoto wao wasifundishwe kitu ambacho wao wenyewe wanakitumia tangu kuamka hata kulala. Pengine mtu alijibu hapana, kisha akaenda kuhesabu mshahara wake kwa tarakimu hizo hizo.

Habari hii ilipoenea, wengi walicheka. Lakini mimi nataka kuuliza neno jingine. Je, kutojua asili ya kitu unachokitumia ni kosa? Na kama si kosa, watu wale walikosa wapi? Maana naona walikosa, ila si pale watu walipochekea.

Kwanza tusijione wajuzi. Jumapili moja baada ya Misa niliwauliza vijana wa kwaya yetu: Ni nani waliotutengenezea tarakimu? Wengi walijibu kwa sauti moja: Wazungu! Mmoja akasema Waroma, kwa sababu ameona I na V na X juu ya picha za Njia ya Msalaba. Mwingine, aliyemaliza sekondari, akasema Waarabu. Hakuna hata mmoja aliyetaja Wahindi.

Lakini tarakimu hizi zilizaliwa India. Hekima yake ni hii: alama hubadili thamani yake kufuatana na mahali ilipokaa. Andika 3, ni tatu. Andika 33, alama ni ile ile, lakini ile ya kushoto sasa inasema makumi matatu. Andika 333, ya kwanza imekuwa mamia. Ni kama watu watatu wa ukoo mmoja, sura moja, lakini kila mmoja anaheshimiwa kwa kiti alichokalia. Vema, sasa andika mia tatu na tatu. Katikati hakuna kumi hata moja. Ukiacha pale patupu bila alama, msomaji atasoma thelathini na tatu, na mwenye duka atakuibia au utamwibia wewe. Basi Wahindi waliweka alama ya utupu wenyewe, wakaiita shunya, maana yake tupu. Mwaka 628 mtaalamu wao Brahmagupta aliandika sheria za kuhesabu kwa hiyo: ukitoa hesabu katika hesabu iliyo sawa nayo, kinabaki hicho kitupu, ukijumlisha kitupu na hesabu, hesabu haibadiliki. Leo mtoto wa mwaka wa pili anayajua hayo. Lakini jiulizeni: ni nani angefikiri kuandika alama kwa kitu kisichokuwapo?

Waroma, watu wenye nguvu waliotawala dunia, hawakufikiri hivyo. Jaribu kuzidisha XLVIII kwa XXVII juu ya karatasi, bila kugeuza alama. Kalamu yako itachoka. Wao walihesabu kwa vijiwe juu ya ubao, kisha wakaandika jibu tu. Kwa tarakimu za Wahindi mtoto atakuambia 1,296 kabla chai haijapoa.

Kutoka India hesabu hiyo ilifika kwa Waarabu. Huko Baghdad, yapata mwaka 825, al-Khwarizmi aliandika kitabu juu yake, wala hakuficha kwamba ni hesabu ya Wahindi. Hata leo Waarabu wa Misri na wa mashariki wana alama zao za namna nyingine kidogo, nao huziita tarakimu za Kihindi. Tazameni basi: Mwarabu anasema ni za Mhindi, Mzungu anasema ni za Mwarabu, na kijana wetu wa kwaya anasema ni za Mzungu. Kila mmoja anamshukuru yule aliyempa mkononi, wala haulizi zaidi.

Neno lenyewe linashuhudia safari hiyo. Shunya kwa Kiarabu ikawa sifr, nayo maana yake ni tupu. Kutoka sifr sisi tunasema sifuri. Wafaransa wamelitoa mara mbili: zéro na chiffre, yote mawili mama yake ni sifr. Mtoto wetu wa Kongo anayesema sifuri nyumbani na zéro darasani anadhani amejifunza maneno ya watu wawili, kumbe ni neno moja lililopita njia mbili.

Ulaya walizipokeaje? Hapa nataka kukaa kidogo. Yapata mwaka 967 mmonaki kijana wa Ufaransa, jina lake Gerbert, wa monasteri ya Aurillac, alipelekwa Katalonia, karibu na nchi za Waislamu wa Hispania. Huko alisoma hesabu. Aliporudi akawa mwalimu mwenye sifa, naye alifundisha kwa ubao wa kuhesabia wenye vipande vilivyoandikwa zile alama tisa. Mwaka 999 akawa Papa, akaitwa Sylvester II, akafa mwaka 1003. Kisha ndimi zikaanza. Watu walisema hawezi kuwa alijua mengi hivyo kwa akili yake. Lazima alijiuza kwa shetani, na elimu yake ni uchawi alioutoa kwa Waislamu. Katika karne ya 12 mmonaki Mwingereza, William wa Malmesbury, aliziandika hadithi hizo katika kitabu chake cha historia. Papa! Kwa sababu ya kujua hesabu!

Nisichekwe nikisema kwamba hadithi hii inaniuma kwa sababu ya mambo ya kwetu. Katika miji yetu mikubwa ya Kongo wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Mara huyu ni yatima, mara huyu ni mgonjwa wa kifafa. Na mara nyingine ni mtoto mwenye akili kupita wenzake, anayejibu kabla hajaulizwa, basi shangazi anauliza: akili hii ameitoa wapi? Swali ni jema. Lakini yeye halingojei jibu. Kisichojulikana asili yake kimekwisha kuhukumiwa kuwa ni cha shetani, na mtoto analala chini ya meza za soko.

Basi tuendelee. Tarakimu zilishinda, lakini polepole. Leonardo wa Pisa, ambaye watu humwita Fibonacci, alijifunza hesabu ya Wahindi akiwa kijana huko Bugia, mji wa Aljeria unaoitwa leo Béjaïa, ambako baba yake alikuwa na kazi ya forodha kwa ajili ya wafanyabiashara wa Pisa. Kumbe Ulaya ilifundishwa pia kutoka bara letu. Mwaka 1202 aliandika kitabu chake Liber Abaci. Hata hivyo mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kilikataza kuandika vitabu vya hesabu kwa tarakimu hizo. Hawakuwa wajinga kabisa: 0 hugeuzwa 6 au 9 kwa mkato mmoja wa kalamu, na hata leo benki hutaka kiasi kiandikwe kwa maneno pia.

Nikifika hapa, najua msomaji fulani ananiuliza: Na sisi je? Hatukuhesabu? Tulihesabu. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, akapata mfupa mdogo wenye mikato mingi iliyopangwa kwa safu tatu. Umri wake ni yapata miaka 20,000 au zaidi. Ukihesabu mikato, safu mbili zina 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Wataalamu wanabishana: wengine wanaona hesabu, wengine wanaona siku za mwezi. Mfupa wenyewe uko Brussels. Ni fahari yetu, na kila mtoto wa Kivu angepaswa kuujua. Lakini nimesikia watu wakisema kwamba kwa sababu ya mfupa huo tarakimu 1, 2, 3 zimetoka Kongo. Hapana, ndugu zangu. Mkato ni mkato. Anayemnyima Mhindi haki yake ili ampe mkwe wake hafanyi tofauti na yule aliyempa Mzungu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Walimu wa Kanisa hutenga ujinga wa namna mbili: ule ambao mtu hawezi kuushinda, na ule ambao angeushinda kama angetaka. Wa kwanza hauna dhambi. Mama anayeuza mihogo, akahesabu franka zake sawasawa bila kujua habari za Brahmagupta, hana deni lolote kwa Mungu. Anatumia pia chumvi na moto na jina lake la ubatizo, na asili ya vyote hivyo haijui yote. Kama kutojua asili ni kosa, nani atapona? Wala Mmarekani yule hakukosa kwa kutojua.

Alikosa aliposikia neno Kiarabu akafunga mlango. Hakuikataa tarakimu, alilikataa jina, na nyuma ya jina aliwakataa watu. Nathanaeli naye, aliposikia Nazareti, aliuliza kama kitu chema chaweza kutoka huko. Lakini Filipo alimwambia aje aone, naye akaenda. Hapo ndipo tofauti.

Tena msidhani ni ugonjwa wa upande mmoja. Kampuni ile ile iliuliza pia kama shule zifundishe mafundisho ya asili ya ulimwengu ya padri mkatoliki Georges Lemaître. Wengi walikataa tena. Ila katika swali la kwanza waliokataa zaidi walikuwa wafuasi wa chama cha Republican, na katika hili la pili ni wale wa chama cha Democrat. Walisikia neno padri wakadhani ni katekisimu. Kumbe Lemaître, Mbelgiji aliyefundisha Louvain, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mafundisho yake ndiyo yanayofundishwa leo kila mahali, hata kwa wasioamini. Yeye mwenyewe hakupenda watu wayachanganye na mafundisho ya dini.

Mtu atasema: maswali yale yalikuwa mtego. Kweli, yalikuwa mtego, wala siwasifu sana waulizaji. Lakini mlango wa kutokea ulikuwapo, na watu 15 katika 100 waliupita: hawakukubali wala hawakukataa. Nadhani katika hao wako waliosema sijui kwa moyo mnyofu. Nasema wako, sisemi wote. Makuhani wakuu walipoulizwa na Bwana wetu ubatizo wa Yoane umetoka wapi, nao walijibu kwamba hawajui. Na sijui yao ilikuwa ya hila.

Sisi tunaosema Kiswahili tungekuwa wa mwisho kukataa kitu kwa jina la Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, kumi ni za Kibantu. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Wazee bado wanajua kenda kwa tisa, na saba ya kale imebaki katika fungate ya maarusi, zile siku saba. Mwalimu wa hesabu asiyependa Waarabu hafiki kumi.

Kulikuwa na askofu mmoja Msiria, Severus Sebokht, wa monasteri ya Qenneshre kando ya mto Frati. Hakuwa katika umoja na Roma, lakini alikuwa mtu wa elimu kubwa. Mwaka 662 alichoshwa na Wagiriki waliodhani elimu yote ni yao kwa sababu wanasema Kigiriki. Akaandika kwamba wako na wengine wanaojua kitu, akawataja Wahindi, na hesabu yao ya alama tisa, akaisifu kuwa inapita maneno. Ulaya ilikuwa haijaziona alama hizo. Zilipoandikwa huko Hispania na wamonaki wa Albelda mwaka 976, katika kitabu chenye sheria za Kanisa, miaka zaidi ya mia tatu ilikuwa imepita, na wamonaki wale nao waliandika wazi kwamba ni za Wahindi.