Moshi Ni wa Nani?

Katika hadithi za Abunuwasi yumo maskini aliyeshtakiwa kwa kula chakula chake kikavu huku akinusa kitoweo cha tajiri. Abunuwasi akamtetea: akalialisha fedha mbele ya watu, akamwambia tajiri achukue ule mlio, maana harufu hulipwa kwa sauti. Tunacheka kwa sababu tunaikubali hukumu. Kilichotoka chunguni kikapeperuka hakina mwenyewe.

Ukiwa Kigoma, hukumu hiyo inaanza kuyumba.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko Ziwa Tanganyika. Hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya ziwani, iliyo baridi zaidi, huingia kushika nafasi yake. Ndio upepo unaowaburudisha watu wa Kibirizi na Ujiji alasiri. Usiku ardhi hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na upepo hugeuka kuelekea majini. Basi anayechoma mifuko ya plastiki ufukweni saa tisa alasiri hakohoi hata kidogo. Moshi wake unapanda Mwanga na kuingia madirishani kwa watu wasiomjua. "Upepo utauchukua," anasema. Kweli, unauchukua. Unampelekea nani?

Tena upepo huu si mto. Moshi wa majiko ya jioni husukumwa ziwani, na sehemu yake huweza kurudi kesho mchana. Los Angeles na Athens, miji ya pwani yenye magari mengi kuliko yetu, inaijua vizuri tabia hiyo ya hewa chafu kwenda na kurudi.

Wapo wanaosema kikohozi cha mtoto wa Mwanga hakina mkosaji, kwa kuwa huwezi kuonyesha moshi wa nani ulimwingia. Hoja hiyo inanichekesha. Watu mia wakipita kwenye dagaa walioanikwa mchangani, kila mmoja akaokota mmoja tu, mwenye dagaa hakuibiwa? Na kesi ya Abunuwasi haiwasaidii. Tajiri yule hakupungukiwa kitu kwa kunusiwa kitoweo chake. Huyu mtoto anapungukiwa pumzi.

Ila hapa lazima niende polepole, maana yupo pia mama anayebanika migebuka. Yeye ndiye wa kwanza kuuvuta moshi wake, kila siku, na bila moshi huo samaki ataoza kabla ya kufika Kasulu. Kumweka kizimba kimoja na mchoma plastiki ni uvivu wa kufikiri. Mmoja anakwepa kutembea hadi dampo. Mwingine hana jiko jingine. Ndiyo maana niliona haki katika agizo la serikali kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024: lilianza na masufuria makubwa, yenye bajeti. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini huo ni wa kupikia. Mbaniko wa samaki wa biashara ni hesabu nyingine.

Tanuri lenye bomba, linalokula kuni kidogo, lina bei yake. Akilinunua mama peke yake, atapandisha bei ya migebuka, nasi wa Tabora na Dar es Salaam tutamwambia amezidi, tununue kwa jirani yake ambaye bado anabanikia wazi.