Ukingo wa Kitanda cha Juu



Siku hizi katika nyumba nyingi za Wakristo twaona vitanda vya ghorofa, yaani vitanda viwili vilivyoundwa kimoja juu ya kingine kwa matendegu yale yale manne. Watu wengi walivijua kwanza katika mabweni ya shule. Sasa baba mwenye chumba kidogo na watoto wengi hununua mbao, huazima msumeno na randa, akaunda kitanda chake mwenyewe nyumbani. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Kazi ya mikono si aibu. Watu wa Nazareti walimjua Bwana wetu kuwa ni seremala (Marko 6:3).

Lakini kazi hii ndogo yatuletea swali lililo kubwa. Baba akiisha kuwaombea watoto wake kila jioni, je, yampasa tena kufikiri habari za kuanguka kwao? Akiweka ukingo katika kitanda cha juu, je, ni dalili ya imani haba? Na asipouweka, mtoto akaanguka usiku, je, tuseme kwamba ni mapenzi ya Mungu, au tuseme kwamba ni kosa la mtu? Wako ndugu wanaojibu upesi: Mungu ndiye mlinzi, na aliyekusudiwa kuanguka ataanguka tu. Maneno hayo husikika kama imani. Basi tuyapime kwa Maandiko.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 twasoma amri juu ya mtu ajengaye nyumba mpya. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walifanya mambo mengi huko juu. Rahabu alitandaza mabua ya kitani darini (Yoshua 2:6), na Petro alipanda darini kusali, huko Yafa (Matendo 10:9). Kwa hiyo Mungu aliagiza kwamba dari iwekewe ukingo, ili mwenye nyumba asijiletee hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko.

Na tuangalie mambo matatu katika amri hii. Kwanza, ameagizwa yule ajengaye, wala si yule atembeaye darini. Mungu hakusema tu kwamba watu wajiangalie. Alimwendea mwenye nyundo mkononi. Pili, amri yatolewa nyumba ingali mpya, kabla hajaanguka mtu hata mmoja. Wahenga wetu nao walisema: tahadhari kabla ya hatari. Tatu, Mungu aliyewaahidi watu wake ulinzi ndiye yeye yule aliyewaagiza ukingo. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yapingana. Basi sisi tumepata wapi kuyapinganisha?

Tena tuikumbuke Amri ya Tano. Katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa mwaka 1529, Martin Luther afundisha kwamba amri hiyo haitukatazi kumdhuru jirani tu, bali yatutaka tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka huo huo aonyesha kwamba mtu awezaye kumkinga jirani na madhara, naye asimkinge, ameivunja amri ijapokuwa mkono wake haukumpiga mtu. Hapa jirani ni nani? Ni mtoto alalaye juu, ambaye usingizini hana akili wala mikono ya kujilinda. Tena ni mtoto alalaye chini yake, ambaye usalama wake wote umetundikwa juu ya viungo asivyoviona.

Shetani naye alijua kunena habari za mahali pa juu. Alimsimamisha Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtajia ahadi ya malaika, akamwambia ajitupe chini. Bwana hakuikana ahadi ile. Alijibu kwamba si halali kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Basi, amwombaye Mungu amshike mtoto, huku ameacha kwa makusudi kipande cha ubao ambacho kingemshika, na ajihoji kama aomba au ajaribu. Tofauti ya mambo hayo haionekani katika maneno ya sala, bali yaonekana katika kazi ya mikono iliyotangulia sala.

Wengine watasema: je, Zaburi ya 127 haifundishi kwamba wajengao hufanya kazi bure Bwana asipoijenga nyumba? Ndiyo, nasi twaamini hivyo. Lakini zaburi hiyo haikuwaambia wajenzi waweke chini vyombo vyao, wala mlinzi aende nyumbani kulala. Yawaambia tu wasijitumainie wenyewe. Na tazameni jinsi ilivyoweka pamoja mambo matatu: nyumba, usingizi, na watoto walio urithi utokao kwa Bwana. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokutana katika kitanda hiki. Ajengaye vema akiisha kumaliza kazi yake aweza kulala, kwa kuwa mengine yote ameyaacha mahali pake, yaani mikononi mwa Mungu.

Sasa, kwa kuwa upendo usiojua kupima ni upendo wa nusu, yafaa tuseme mambo machache ya kazi yenyewe. Ukingo wa kitanda cha juu uwekwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani. Kwa maana kitanda husogea kidogo kidogo, na mtoto aweza kuteleza katika nafasi ile akabanwa. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2000 yataka ukingo upite juu ya godoro kwa inchi 5, ambazo ni karibu sentimita 13. Kwa hiyo na upimwe kuanzia juu ya godoro, si kuanzia juu ya chaga. Anunuaye godoro nene baadaye ameupunguza ukingo wake pasipo kugusa ubao. Sheria hiyo yataka tena nafasi katika ukingo zisiruhusu kitu cha upana wa inchi 3 na nusu, yaani karibu sentimita 9, kupenya. Kwa sababu mwili wa mtoto mdogo huweza kupita mahali ambapo kichwa chake hakipiti. Na mtoto asiyetimiza miaka 6 asilazwe juu kamwe, hata kama alia akitaka.

Chaga zisilazwe tu juu ya mifumbati, bali zikazwe, zisije zikateleza na kumwangukia alalaye chini. Mbao zisiwe mbichi. Kwa maana ubao mbichi ukikauka husinyaa, na kiungo kilichokuwa kigumu siku ya kwanza hulegea baada ya miezi. Ulimi wa mfumbati uingie sawasawa katika tundu la tendegu, wala pengo lisizibwe kwa gundi na unga wa mbao ili macho yaridhike. Hapo ndipo moyo wa mtu ujulikanapo. Juu ya ubao wa nje mgeni hupitisha mkono na kusifu. Ndani ya tundu hakuna aonaye ila Mungu na yeye aliyelichonga. Lakini uzito wa mtoto hauukalii ule ubao uliosifiwa, waukalia ulimi uliofichika.

Labda mtu atasema: mbao ni ghali, nami sina za kutosha ukingo. Ndugu yetu, twajua kwamba umaskini si dhambi. Lakini kama mbao hazitoshi kitanda cha juu pamoja na ukingo wake, basi hazitoshi kitanda cha juu. Unda kitanda kimoja kilicho imara, na mtoto mwingine alale mkekani hata mbao zipatikane. Mkeka hauna sifa mbele ya majirani, lakini hakuna aangukaye kutoka mkekani.

Neno moja limebaki, nalo ni kwa ajili ya wale waliokwisha kupatwa na msiba. Si kila aangukaye ameangushwa na uzembe wa mtu. Yule kijana Eutiko alilala usingizi dirishani huko Troa, Paulo akihubiri hata usiku wa manane, akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20:9). Luka hakuandika neno hata moja la kumlaumu kijana, wala mwenye nyumba, wala mhubiri. Aliandika kwamba Paulo alishuka, akamwinamia, akamkumbatia. Basi, mtoto wa jirani akianguka, tusiende kwake kupima ukingo, kama rafiki za Ayubu waliokwenda kufariji wakaishia kushitaki. Tushuke, tukumbatie. Ukingo na tuupime leo katika nyumba zetu wenyewe, kungali mapema.

Wazee wa sharika na wainjilisti mnaotembelea nyumba za Wakristo, mwulizapo kama sala ya jioni yasaliwa, ulizeni pia mahali watoto walalapo. Na wewe baba, kabla hujapiga magoti usiku huu, shika tendegu la kitanda ulichokiunda, ulitikise kwa nguvu. Likicheza, lete nyundo kwanza, kisha usali.

Bwana, asiyesinzia wala kulala, aibariki kazi ya mikono yetu, na kuwalinda watoto wetu usiku na mchana. Amina.