Nimshukuru Mungu, Nimsahau Mtu?

Mchungaji ameniomba niandike machache katika toleo hili kabla sijaondoka. Wengi wenu mnajua kwamba, Mungu akipenda, nitasafiri kwenda kaskazini mwa Thailand kutumika katika kazi ya misheni. Nilidhani ningeandika juu ya wito. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili ile niliyosimama kutoa ushuhuda, na nisipolisema hapa nitapanda nalo ndege. Ni swali tu: mtu akisaidiwa na mtu, amshukuru nani?

Mwingine atasema swali hilo ni rahisi. Amshukuru Mungu, basi! Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa, nanyi mkaitikia haleluya. Sasa nisikilizeni.

Kujitayarisha kwenda misheni si kufunga na kuomba peke yake. Ni makaratasi. Ni pasipoti, ni cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, ni picha ndogo za kubandika kwenye fomu, ni foleni baada ya foleni. Thailand haimpokei msafiri anayetoka Kenya bila cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti chenyewe huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Nilihesabu siku zangu nikaona zimebaki chache, na pesa ya chanjo nilikuwa nimeshalipia kodi ya nyumba. Ijumaa nikaja kwenye kesha, nikalia mbele za Bwana. Jumamosi asubuhi, nikiwa hapa steji ya Adams nangoja matatu ya kwenda mjini, simu ikalia. M-Pesa. Shilingi 3,000.

Jumapili nikasimama mbele yenu. Nikasema, "Sikumwambia mtu, sikumwomba mtu, pesa imeshuka kutoka juu!" Mkapiga makofi. Nikarudi kitini nikiwa na furaha kweli kweli.

Lakini kila mmoja wenu aliyewahi kupokea M-Pesa anajua kwamba ujumbe huja na jina. Jina la aliyetuma lilikuwepo kwenye simu yangu, na nilimjua. Alikuwa ameketi safu ya nne, upande wa akina mama, akiitikia amina pamoja nanyi. Hapa nitamwita Mama tu, kwa sababu alinikataza kumtaja.

Mama anauza nguo za watoto pale soko la Toi, dakika chache kwa miguu kutoka hapa kanisani. Mnalijua soko hilo, mnajua pia kwamba limeungua zaidi ya mara moja. Kibanda chake ni kimoja cha vile vilivyoteketea. Alianza tena kwa mbao za kukopa. Mimi hayo nilikuwa nimeyasikia, kama mtu anavyosikia habari. Jumatatu nilichanjwa, na jioni nikipita Toi kutafuta koti, nikaona kibanda chake. Nguo zilizotundikwa zilihesabika kwa vidole. Jirani yake akaniambia bila hata kuulizwa, "Wiki hii hajafungua bunda. Pesa ya bunda haikutosha."

Wapendwa, miguu ilinilegea. Ile pesa niliyosema imeshuka kutoka juu ilikuwa imetolewa kwenye kibanda hicho.

Kesho yake nikakopa shilingi 3,000 kwa rafiki, nikampelekea. Nilidhani nafanya haki. Mama aliitazama ile pesa, hakunyoosha mkono. Akaniambia, "Rudisha mfukoni, mwanangu. Kwani mimi Mungu wangu ni wa kuniomba tu, hawezi kunituma?" Nikanyamaza. Akakunja suruali ndogo ya mtoto, akaiweka juu ya nyingine, kisha akasema polepole, "Lakini Jumapili niliumia kidogo. Ulisema pesa imeshuka. Haikushuka. Ilitembea."

Nimelala na neno hilo siku nyingi. Nataka tulifikirie pamoja, maana naona si langu peke yangu.

Kwanza, kwa nini nilimruka Mama? Nilijiambia nilitaka Mungu apewe utukufu wote. Tumefundishwa hivyo, na ni mafundisho mema. Lakini nilipojichunguza niliona sababu nyingine imejificha nyuma ya hiyo. Nikimshukuru Mungu peke yake, sidaiwi na mtu. Mungu ni tajiri, hatakuja kwangu mwezi ujao akiwa na shida. Lakini nikikiri kwamba Mama wa Toi amenilipia chanjo, basi kuna uhusiano kati yangu naye. Nikipita kibanda chake siwezi kupita tu. Kumbe maneno yangu ya kiroho yalikuwa yamenifungulia mlango wa nyuma, nikatoroka deni.

Pili, si kweli kwamba sisi hatutaji watu. Tunawataja sana! Fikiria harambee zetu. Mgeni wa heshima akitoa laki moja, jina lake linasomwa, tunasimama, tunampigia makofi, picha inapigwa. Waliotoa hamsini hamsini wanasomwa kwa pamoja: "na wapendwa wengine." Hakuna anayesema tunampunguzia Mungu utukufu tunapomtaja mgeni wa heshima. Neno hilo tunalikumbuka tu mtoaji akiwa mdogo. Mkubwa akitoa, mkubwa ametoa. Maskini akitoa, Mungu ametenda. Je, hiyo ni unyenyekevu mbele za Mungu, au ni upendeleo uliovaa kanzu ya kwaya?

Mtu ataniuliza: Je, Yesu hakufundisha kwamba sadaka itolewe kwa siri, mkono mmoja usijue kazi ya mwingine? Ndiyo, alifundisha, katika Mathayo 6. Lakini angalia alikuwa anamwambia nani. Anasema na mtoaji. Usiri ni amri ya anayetoa, asijitangaze. Anayepokea hakupewa amri ya kusahau. Wakoma 10 walipotakaswa katika Luka 17, yule mmoja aliyerudi alimtukuza Mungu kwa sauti, na papo hapo akaanguka miguuni pa Yesu aliyesimama mbele yake njiani akamshukuru. Na Paulo, mtume wa neema, anafunga barua yake kwa Warumi na orodha ndefu ya majina. Anamtaja Fibi, na kusema wazi kwamba dada huyo amesaidia wengi, pamoja na yeye Paulo mwenyewe. Paulo hakuona utukufu wa Mungu umepungua kwa kumwandika Fibi. Mungu hapungui, wapendwa.

Sasa linakuja swali gumu zaidi, ambalo hata nikitaja majina yote halijibiki. Je, ilikuwa haki kuichukua pesa ile? Mtu aliye na shida kuliko wewe akikupa, upokee au ukatae?

Maandiko yana watu wawili waliojibu tofauti. Katika 2 Samweli 23, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake maisha ya wale watu. Lakini katika 1 Wafalme 17, Eliya alimkuta mjane wa Sarepta akiokota kuni za kupikia mlo wa mwisho yeye na mwanawe, akamwambia amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo. Tena akaula!

Nani alifanya sawa? Naamini wote wawili. Tofauti naiona hivi. Maji ya Daudi yalikuwa hamu; alitamani ladha ya kisima cha kwao. Mkate wa Eliya ulikuwa uhai. Tena Eliya hakula akaondoka. Alikaa katika nyumba ile, akala unga ule ule siku nyingi pamoja na mjane na mtoto. Mtoto alipokufa, Eliya ndiye aliyembeba mpaka chumbani kwake na kumlilia Mungu. Shida ya nyumba ile ilikuwa imekuwa shida yake.

Basi nikajipima kwa mizani hiyo. Chanjo ilikuwa haja. Bila hiyo sisafiri. Hiyo nimeipokea, na deni lile la rafiki nimelirudisha. Lakini kwenye bajeti niliyowasomea kulikuwa na begi jipya la shilingi 7,500. Hilo lilikuwa hamu. Nimelifuta, nikanunua la mitumba hapo hapo Toi, gurudumu moja linalia kidogo lakini linatembea. Na Jumamosi hizi zilizobaki naenda kwa Mama saa kumi na mbili asubuhi kumsaidia kutundika nguo na kuita wateja. Silipi deni. Shilingi 3,000 alizotoa akiwa hana bunda siwezi kuzilipa kwa kutundika kaptula. Naenda ili nisiwe mtu aliyekula mkate wa mjane akaenda zake.

Mtaniuliza haya yanahusu nini na misheni. Yanahusu sana. Kule niendako Wakristo ni wachache mno; watu wengi ni Wabudha. Sijui lugha, sijui barabara, sijui hata namna ya kusalimia wazee wao. Nani atakayenionyesha nyumba ya kupanga? Nani atanipa chakula siku nitakapougua? Mara nyingi atakuwa mtu asiyeliita jina la Yesu, na pengine maskini. Je, nitaandika barua kwenu niseme "Mungu amenilisha," na aliyepika asionekane?

Historia yetu ina fundisho hapa. Shuleni tulisoma kwamba mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848. Wachache tuliambiwa kwamba msafara huo uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili na Mwislamu, aliyeijua njia ya Uchagani. Rebmann alikuwa amefika pwani mwaka 1846, akatumika na Ludwig Krapf kule Rabai, karibu na Mombasa. Krapf alikuwa ametangulia mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Waongofu walikuwa wa kuhesabika. Rebmann alidumu miaka 29, akapofuka macho. Aliporudi Ulaya mwaka 1875, aliyesafiri naye akimwongoza alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa hapa pwani, mtoto wa mmoja wa wale waongofu wa kwanza. Aliyekuja kuwaonyesha watu mwanga alishikwa mkono na mwana wa watu hao ili aipate njia ya kwao.

Nawaza sana juu ya mkono ule. Mmisionari anayejua kutoa tu hajawa tayari. Na si Wazungu peke yao. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Mboga, Kongo, mwaka 1896, na huko alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Mtu hawezi kudumu ugenini hivyo bila kuwa na waliompa maji na mahali pa kulala. Nao majina yao Mungu anayajua, ingawa sisi hatukuyaandika.

Kwa hiyo nimenunua daftari la shilingi 50. Ukurasa wa kwanza una kichwa kimoja tu: "Bwana ametenda." Chini yake naandika, kwa mkono wa nani. Mama yuko hapo, kwa jina lake kamili, maana daftari hilo si madhabahu. Yuko fundi aliyeshona suruali zangu mbili akakataa pesa. Yuko konda wa matatu aliyenirudishia pasipoti niliyoisahau kitini. Yuko ndugu yangu mdogo, aliyekubali kumwangalia mama yetu huko nyumbani ili mimi niitwe mtumishi. Huyu wa mwisho niliogopa kumwandika. Nyinyi mtaniwekea mikono na kuniombea mbele ya kanisa. Yeye hakuna atakayemwekea mikono, na kazi yake ni ya kila siku.

Ndiyo sababu naomba, Jumapili ya kuagwa, mtakapomshukuru Mungu kwa ajili yangu, mmshukuru pia kwa hao wanaobaki. Na wiki hii, kabla ya kuombea chakula, hebu kila nyumba itaje mkono mmoja ulioleta chakula hicho mezani: baba, mama mboga, dada wa kazi aliyepika na kula jikoni. Mtaje akiwa anasikia. Halafu ndipo useme asante Baba.

Mimi Jumapili ijayo nitaomba dakika mbili nirekebishe ushuhuda wangu. Sitataja jina, kwa sababu nimekatazwa. Nitasema tu kwamba pesa ile haikushuka, ilitembea kutoka Toi mpaka Adams, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiihitaji. Mungu ndiye aliyemtuma, na mtu yule alikubali kutumwa. Mmisionari wa kwanza katika safari hii hakuwa mimi.

Bwana awabariki na kuwatunza. Endeleeni kuniombea.

Tusome pamoja wiki hii: 1 Wafalme 17:8-24, 2 Samweli 23:13-17, Warumi 16:1-16.