MJI UNAWAKA, MHUNZI HAONI



Jioni ikifika, nyumba nyingi za Wakristu hukusanyika mbele ya televisheni kutazama hadithi za kubuniwa. Mojawapo ni The Rings of Power, iliyoanza kuonyeshwa Septemba 2022. Imetolewa katika maandishi ya J. R. R. Tolkien, Mkatoliki wa Uingereza, ambaye kitabu chake The Lord of the Rings, cha miaka 1954 na 1955, kimependwa duniani kote. Wazazi wengine huuliza: Je, ni dhambi kutazama habari za mazimwi na pete za uchawi?

Hadithi si dhambi. Bibi zetu walitusimulia habari za zimwi, nasi tukajifunza kuogopa uovu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963, ulivisifu vyombo vya habari na michezo, ila ukawakumbusha wazazi wajibu wao wa kulinda yanayoingia nyumbani.

Na hadithi hii yenyewe ina onyo. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2024, yule mwovu Sauron haji na pembe. Huja na uso mzuri na maneno ya upole, akijiita Annatar, yaani Bwana wa Zawadi. Paulo Mtume aliwaonya Wakorintho kwamba ndivyo afanyavyo Shetani. Mhunzi Celebrimbor anampokea, anafua pete kwa ajili yake, naye anafumbwa macho kwa mazingaombwe: akitazama nje auona mji wake umetulia na kupendeza, kumbe adui wamekwisha kuuzingira na moto unawaka. Anapozinduka, wakati umepita.

Ndugu, tusimcheke mhunzi huyo. Baba anayekodolea macho michezo hadi usiku wa manane, asijue mwanawe amelala wapi, amefumbwa vivyo hivyo. Mama anayeahirisha sala ya jioni mpaka mchezo uishe, na ukiisha waanza mwingine, naye haoni moshi.

Wala mtu asiseme, “Mimi nitaacha nitakapotaka.” Katika kitabu, Frodo aliibeba pete kwa taabu nyingi ili aitupe motoni, lakini alipofika ukingoni alishindwa kuiachia. Pete iliangamia kwa sababu Gollum, mnyonge aliyehurumiwa zamani, aliinyakua akaanguka nayo. Tolkien aliiweka siku hiyo tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Nguvu zetu hazitoshi, twahitaji neema.

Basi, wazazi, tazameni pamoja na watoto wenu, mkiwauliza: Nani amedanganywa, na kwa zawadi gani? Saa ya Rozari ikifika, zimeni, hata kama mchezo umefika pazuri. Ikiwa kuzima kunawauma mno, jueni kwamba pete imekwisha kuingia kidoleni, mkaombe msaada wa Mungu upesi.